Jenereta ya Nyumba Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la mayai ninayototolesha. Kurasa za mbele zimejaa trei, tarehe za kuingiza, tarehe za kumulika, majina ya wateja na idadi ya vifaranga waliotoka. Leo nimeligeuza nianzie nyuma, maana ninayotaka kuandika si ya mteja kusoma.

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha. Kwa mtaa huu wetu wingu likitanda tu umeme unakatika, hata tone halijagusa bati. Tukiwa gizani saa saba mchana, madirisha ya sebuleni yamefungwa, mume wangu akaniwekea karatasi ya rangi mezani. Jenereta ya nyumba nzima. Inakaa nje kama kabati, inakunywa dizeli, na umeme ukikatika inajiwasha yenyewe. Unahesabu mpaka kumi, taa zimerudi kila chumba. Bei niliisoma mara mbili nikidhani sifuri ya mwisho ni doa la chai.

"Kwa pesa hizi tunajenga nyumba nyingine," nikamwambia, "tunaiacha bila umeme, tunaishi kwa amani."

Hakucheka. Mume wangu ni seremala, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, na akishaleta karatasi mezani ujue amepima.

"Ningeinunua mwaka juzi Mama aliponiomba, angekuwa hai," akasema.

Hapo ndipo mazungumzo yetu huishia tangu mama mkwe wangu afariki Aprili iliyopita. Mimi nikatoka kwenda kufunika mayai kwa blanketi.

Jumatano, 5 Machi

Umeme umekatika mara mbili. Mayai salama.

Jumapili, 9 Machi

Wifi yangu amepiga simu, akawekwa kwenye spika ili Baba asikie. Baba mkwe anaishi nasi, masikio yake mazito, kwa hiyo simu ya wifi husikiwa na mtaa mzima. Anaunga mkono jenereta. Ni rahisi kuunga mkono ukiwa mbali.

Halafu Baba akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Kiwanja changu kile cha barabarani kiuzwe. Mnunuzi yupo, ameniuliza mara nyingi. Mimi sitajenga tena. Sitaki mtu mwingine wa nyumba hii afe vile."

Kiwanja kile ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho chenye jina lake. Mume wangu aliinamisha kichwa. Nami nikasema kwamba tusiwe na haraka, haraka haraka haina baraka, na wote wakaniona bahili.

Baba akarudia tena ile hadithi yake. Amewasimulia wageni wote wa msiba, amemsimulia daktari, amemsimulia hata muuza mkaa. Kwamba dakika za mwisho Mama aliinua mkono akaonyesha dirisha. Akaonyesha tena na tena, macho yameng'aa. Baba akainuka akalifungua. Mama akatulia, akalala. "Aliwaona waliomtangulia," husema Baba. "Nikawafungulia njia." Tangu siku hiyo dirisha lile halifungwi. Mvua inaingia, mimi napiga deki, na sijawahi kulalamika.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika, maana kulisema siwezi, na kulibeba kumenichosha.

Leo umeme ulikatika saa nane mchana, mvua inapiga bati mpaka hujisikii mwenyewe. Nilikuwa jikoni. Nikasikia mashine ya hewa ya Mama, ile iliyokuwa ikimsaidia kupumua, inafanya kazi chumbani kwake. Ile pumzi yake ndefu, halafu kile kishindo kidogo, halafu pumzi tena. Mashine ile imefunikwa shuka tangu mazishi, waya wake umefungwa kwa kamba, na umeme haukuwepo. Nilikwenda. Shuka lipo, kamba ipo. Nilipofungua mlango sauti ikakoma. Si mara ya kwanza. Umeme ukiwepo siisikii kabisa. Ukikatika tu, inaanza.

Watu wote wanaamini Mama aliuawa na umeme. Umeme ulikatika, kijenereta chetu kidogo kikagoma kuwaka, mashine yake ikazima, basi. Hivyo ndivyo nilivyosema mimi, na niliyekuwepo ni mimi.

Kijenereta hakikugoma. Nilivuta kamba mara mbili kikawaka. Lakini kilikuwa na nguvu ya kubeba kitu kimoja, ama mashine ya Mama, ama mojawapo ya mashine zangu za kutotolesha. Siku zote nilimpa Mama, nikayafunika mayai blanketi nikayaombea. Siku ile mayai yalikuwa siku ya ishirini. Vifaranga walikuwa wameshaanza kutoboa, ukisogeza sikio unawasikia wanalia ndani ya maganda. Mia moja na zaidi, na pesa ya mteja nilishaila. Wakipoa saa hiyo wanakufa wote, midomo nje.

Mama alikuwa na mtungi wa oksijeni wa dharura, umesimama kwenye kona chini ya dirisha. Nikajiambia, saa moja tu ya mtungi. Nikaushika shingo, nikauinua kidogo, nikautikisa, kama ninavyofanya mtungi wa gesi ya kupikia kila wiki. Mzito. Nikasema umejaa. Nikamwekea Mama mpira puani, nikafungua, nikamwambia Baba, "Kaa naye, narudi sasa hivi."

Mtungi wa gesi ukiisha unakuwa mwepesi. Mtungi wa oksijeni ni chuma kinene, ukijaa ni mzito, ukiisha ni mzito vilevile. Nani asiyejua? Mimi sikujua. Geji, kile kipimo cha hewa iliyobaki, ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuitazama, kwa sababu mikono yangu ilishanijibu.

Nilirudi baada ya dakika arobaini. Dirisha lilikuwa wazi na mvua inaingia, na Mama hakuwa na pumzi. Mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Baba akiwa amegeukia dirisha, nikaung'oa mpira wa mtungi, nikamrudishia Mama ule wa mashine, nikaenda kuzima kijenereta, ndipo nikapiga kelele.

Umeme ulirudi kabla mayai hayajapoa, wakaanguliwa mia moja na kumi na wawili. Waliokuja kwenye msiba waliwasikia wakilia wakasema nyumba hii ina baraka.

Jumamosi, 15 Machi

Nilitaka kuchana ukurasa wa jana. Nimeuacha. Nimelihamishia daftari chini ya trei.

Jumamosi, 22 Machi

Tumegombana. Nilijitayarisha kama wakili. Nikasema dizeli inapanda kila mwezi. Nikasema likiharibika hilo kabati, fundi wake atakuja na tai shingoni na bili ya tai. Nikasema umeme hukatika saa mbili, tatu, hakuna mtu anayekufa kwa kukosa feni.

"Kuna aliyekufa," akasema mume wangu.

"Si kwa..." nikaanza, nikameza.

"Si kwa nini?"

"Si kwa kupenda kwetu."

Ninapinga jenereta kwa sababu sitaki Baba auze kiwanja chake anunue dawa ya ugonjwa ambao haukuwepo. Lakini sababu hiyo siwezi kuitaja, basi natafuta nyingine, nazo zote zina sura ya ubahili. Ameniambia nina roho ngumu. Mama alinipenda kuliko binti yake wa kumzaa, na kila mtu hapa anajua, kwa hiyo neno hilo limeniingia.

Jumapili, 30 Machi

Trei mbili zimeharibika kwa ubaridi. Nilivunja yai moja kuona, kifaranga alikuwa amekamilika, manyoya tayari, lakini amekufa. Sikula chakula cha mchana.

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi umeme amekuja kupima nyumba. Tunamwita Fundi Koleo, kwa sababu hata akija harusini koleo liko mfukoni. Kapita kila chumba anasoma vibandiko nyuma ya vyombo na kuandika, mume wangu akimfuata na tepu yake ingawa hakuna cha kupima kwa tepu.

Kwa Mama alifunua shuka, akachuchumaa nyuma ya ile mashine. "Hii nayo niihesabu?"

"Ihesabu," akasema Baba kutoka kitini, kwa sauti kubwa. "Nami siku zangu zinakuja."

"Hii haina shida, mzee. Inakula kidogo kuliko pasi. Hata kile kijenereta chenu kingeibeba kinaimba."

"Kile kibovu," mume wangu akasema. "Siku ile kiligoma kuwaka."

"Nikione basi. Kikiwa na vipuri vizuri nitakikata kwenye bei."

Nilibaki nimesimama mlangoni. Kijenereta kilikuwa stoo, chini ya magunia, hakuna aliyekigusa mwaka mzima. Mume wangu alikikataza, alikuwa hawezi hata kukitazama. Fundi akamwaga petroli iliyochacha, akasugua plagi kwa kipande cha msasa, akatia petroli mpya. Akavuta mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikakohoa. Mara ya tatu kikawaka, kikanguruma uwanja mzima.

"Jenereta ikigoma huwa ina ugonjwa, na ugonjwa hauponi stoo," akasema Fundi Koleo, akijifuta mikono. "Hii nzima kabisa. Kaka, mimi ningekuwa wewe nisingenunua lile kabati. Nunua betri na inverta ya kugeuza umeme wake uwe wa nyumbani, mashine ya marehemu mama ingetembea siku nzima bila kelele. Bei haifiki hata robo."

Mume wangu alikuwa ananitazama mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Hajaniuliza. Amepanga misumari kwa urefu siku nzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Ameniuliza. Alikuja kwenye chumba cha mayai saa nne asubuhi, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo.

"Mke wangu. Kijenereta kiligoma?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa nimetembea juu yake mwaka mzima nikidhani haina mwisho. Nikamwambia, "Hakikugoma." Halafu nikamwambia yote. Nilianzia kwenye mayai nikamalizia kwenye mshale wa geji. Sikulia, nilikuwa naogopa kulia kungeonekana ni kuomba huruma. Nilipofika pale nilipobadilisha mipira Mama akiwa bado na joto, mume wangu aliinua kiganja kama mtu anayesimamisha gari.

Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya mashine, trei ya leo.

"Alikuwa anaonyesha mtungi," akasema.

"Ndiyo."

"Chini ya dirisha."

"Ndiyo."

"Na Baba akafungua dirisha."

Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya msiba, mara ya kwanza Baba alipoisimulia, nikiwa nimeshika sinia la vikombe. Wote walikuwa wakitikisa vichwa kwa uzuri wa hadithi. Mimi peke yangu nilimwona Mama akiomba hewa na mumewe akimpa upepo.

Mume wangu aliinuka, akakosea mlango, akagonga ukuta, akatoka. Leo sidhani kama atalala ndani. Karakana imefungwa kwa ndani.

Jumanne, 8 Aprili

Yuko karakana. Nilimpelekea chakula. Alikichukua bila kusema asante, lakini alikichukua.

Alhamisi, 10 Aprili

Vilevile. Baba ananiuliza, "Mmegombana kwa ajili ya jenereta?" Nikasema ndiyo. Akasema anamwita mnunuzi wa kiwanja Mama akishatimiza mwaka, ili yaishe.

Jumamosi, 12 Aprili

Umeme ulikatika saa nane na nusu. Nilimkuta mume wangu amesimama ukumbini, mbele ya mlango wa Mama, uso umebadilika rangi.

"Tangu lini unaisikia?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Tangu wiki ya mazishi."

Tulisimama pamoja tukiisikiliza ile pumzi ya mashine. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kwa mara ya kwanza katika siku tano alinishika mkono, lakini kwa nguvu, mpaka pete ikaniumiza. Sikumwambia aniachie.

Umeme uliporudi akasema, "Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini hata mimi nisingejua. Ningeutikisa mtungi vilevile." Halafu akarudi karakana.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo Mama ametimiza mwaka.

Niliamka nimeamua. Mnunuzi anakuja Jumatatu na mashahidi, na siwezi kumwacha mzee atie dole gumba kwa uongo wangu. Nitamwambia Baba, nikasema, na litakalokuwa na liwe. Aliyeyavulia maji nguo ni mimi, niyaoge mimi.

Nilimkuta chumbani kwa Mama, amevaa koti, ameketi karibu na dirisha na matone yanamrukia. Nikapiga magoti, nikamshika mkono ili anisikie vizuri.

"Baba, nina neno la siku ile."

"Nami nina neno," akasema. Alipoanza ikawa vigumu kumkatiza. "Mwanangu, mwaka mzima sijakuambia hili. Kabla ya kuonyesha dirisha, alinishika koti. Akanivuta. Nilidhani ananiita niende naye. Niliogopa, mwanangu. Miaka hamsini na mbili ya ndoa, na niliogopa kwenda naye. Nikaitoa mikono yake kwenye koti langu, kidole kimoja kimoja. Ndipo akaonyesha dirisha. Nikajua amenisamehe, kwamba anasema, basi wewe baki, mimi nifungulie. Kama si lile dirisha nisingeweza kuishi nyumba hii."

Akanipapasa kichwa. "Haya. Neno lako ni lipi?"

Nilikuwa na neno mdomoni, zima, limeshaiva. Nikamtazama uso. Nikasema, "Nilitaka kukuambia kiwanja usikiuze."

Jumapili, 20 Aprili

Nimemsimulia mume wangu. Alikuwa anapiga randa, akaendelea kupiga randa ubao ule ule mpaka ukabaki mwembamba wa kutupwa.

"Usimwambie," akasema. "Kamwe. Ukimwambia ni kama kumfanya yeye ndiye aliyemnyima hewa."

"Basi tununue betri ya Fundi Koleo. Robo ya bei, na kiwanja kinabaki."

"Atauliza kwa nini kitu kidogo. Kama kidogo kingetosha, kingetosha siku ile. Baba hasikii vizuri, lakini kichwa chake hakina tundu. Atafikiri. Siku nzima hana kazi nyingine."

Ni kweli. Kila mahali nilipogeuka njia ilirudi pale pale. Tukinunua kidogo, mzee ataanza kuhesabu. Tukiacha kabisa, atauliza kwa nini. Ni lile kabati tu, na bei yake ya kichaa, litakalomfanya aendelee kuamini kwamba kilichomuua mkewe kilikuwa kikubwa kuliko sisi wote.

"Nitanunua mimi," nikasema. "Nitauza mashine zangu zote tatu, na trei, na wateja nimkabidhi atakayezinunua. Nitatoa na akiba ya bima. Kiwanja kisiguswe."

Mume wangu akaweka randa chini. "Utaishi kwa nini?"

"Nitakupigia msasa."

Hakubisha. Nilitamani abishe kidogo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mashine zimechukuliwa na gari dogo, watu wanne na kamba. Mnunuzi wa kiwanja Baba alimrudisha wiki iliyopita; huyu wa mashine ni kijana wa ng'ambo ya soko, mikono yake safi, atajifunza. Mayai yalikuwemo, yana siku kumi na moja. Nikamwonyesha jinsi ya kuyamulika na jinsi ya kuyageuza. Aliniuliza siri ya kazi ni nini. Nikamwambia asome geji, asiamini mkono.

Baba alitoka na fimbo yake akasimama barazani. "Usiuze riziki yako kwa ajili yangu, mwanangu."

"Nimechoka na mayai, Baba."

"Mke wangu aliniambia mwaka ule ulipoolewa," akasema, na majirani walisikia. "Huyu, alisema, ni binti wa kuzaa."

Nikaingia ndani. Chumba cha mayai kina baridi sasa, sikujua kwamba kina mwangwi.

Jumamosi, 10 Mei

Limefungwa. Fundi Koleo alifanya kazi siku tatu, akatingisha kichwa siku zote tatu. "Mama, hii ni kumuua mbu kwa bunduki," akaniambia pembeni. Nikamwambia aongeze saruji kwenye msingi.

Limesimama chini ya dirisha la jikoni, kijivu, kubwa kama kaburi la kusimama. Nimeandika hivyo, na sitafuta.

Jumamosi, 17 Mei

Leo umeme umekatika kwa mara ya kwanza tangu lifungwe. Tulikuwa mezani watatu, saa saba mchana, mvua nzito. Giza likaingia. Mume wangu alianza kuhesabu kwa sauti kwa ajili ya Baba, akafika nane, nje kukakohoa, na nyumba nzima ikawaka. Ukumbi, jikoni, vyumba vyote, hata chumba cha mayai ambacho hakina kitu. Friji ikaguna. Baba akaweka kijiko chini.

"Kumbe ni hivi tu?" akasema.

"Ni hivi tu, Baba."

Alitazama taa ya dari kwa muda mrefu, mdomo wazi, mzee wa miaka themanini. Machozi yakamtoka akayaacha yashuke. Halafu akanigeukia. Akaniuliza mimi, maana niliyekuwepo siku ile ni mimi.

"Ingekuwepo siku ile, angepona. Sivyo, mwanangu?"

Mume wangu aliangalia sahani yake.

"Angepona, Baba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kijiko, akala vizuri kuliko siku zote za mwaka huu. Umeme ulirudi saa tisa. Saa kumi ukakatika tena, jenereta ikawaka, naye akaniita kutoka chumbani kwake aniulize tena.